Siku ya pansio inajulikana: tujitengeneze mapema



Kila mara ukurasa huu unakuambia: vaa kaske, vaa miwani, usipite chini ya mzigo unaoning'inia, chunguza mwamba kabla ya kuanza kutoboa. Tunasema hivyo kwa sababu ajali haipigi hodi. Hakuna mtu anayejua saa yake.

Lakini iko siku moja ya hatari ambayo tarehe yake inajulikana. Unaweza kuihesabu leo kwa vidole: ni siku utakayotimiza miaka 60 na kuingia pansio. Siku ile hakuna mwamba utakaoanguka, wala moto utakaowaka. Utapewa mkono, utapigwa picha pamoja na wakubwa, utarudi nyumbani. Hata hivyo, familia nyingi za wachimbaji ziliumia kutoka siku ile, kwa kuwa baba alijitengeneza kwa kila hatari ya shimo, lakini kwa hatari hii hakujitengeneza hata kidogo.

Neno letu la leo ni hili: pansio inatengenezwa wakati ungali kazini. Siku mkataba wako wa kazi unapokwisha, milango miwili inafungwa pamoja. Wa kwanza ni mlango wa hospitali ya kompani. Wa pili ni mlango wa bilo inayokujua jina, inayotunza makaratasi yako na kujibu maulizo yako. Kila kitu ambacho milango hii inaweza kukupa, kichukue ingali wazi.

Baba na mama

Katika inchi yetu ya shaba, wazee walizoea kusema kwamba kazi ndiyo baba na mama. Walikuwa na sababu. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilimpa mfanyakazi nyumba kambini, posho, hospitali na masomo ya watoto. Mwaka 1967 leta ilichukua migodi, na Gécamines ikafuata desturi ile ile. Mtoto alizaliwa katika hospitali ya kompani, akasoma katika masomo ya kompani, akafunga kaske ya kompani kama baba yake.

Halafu baba na mama waliugua. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450.000 za shaba kwa mwaka mmoja. Mwaka 1990 shimo kubwa la Kamoto liliporomoka. Mwaka 2003 Gécamines haikufikia hata tani 20.000. Mwaka ule ule ulianza mpango wa kuacha kazi kwa kupenda, uliolipiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, na wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na fasi zingine wakaondoka. Kila mmoja alipewa feza mara moja, basi. Wengi walinunua gari la kukodisha, wengine walifungua duka, wengine walilipa madeni ya miezi mingi iliyopita bila mshahara. Feza zilikwisha upesi. Na walipougua, hawakuwa tena na hospitali.

Hatusemi haya kwa kulaumu watu. Tunayasema kwa sababu somo lake lingali mbele yetu: kompani inaweza kuwa rafiki mwema, lakini hakuna kompani iliyo baba wa mtu mpaka kaburini. Leo migodi ina kompani nyingi, na wafanyakazi wengi wako chini ya kompani ndogo zinazochukua kazi kwa zile kubwa. Mtu anaweza kubadili mwajiri mara tatu kabla ya kuzeeka. Ni nani basi atakayekumbuka miaka yake yote ya kazi? Ni yeye mwenyewe, na makaratasi yake.

Mlango wa hospitali

Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002 inamwamuru mwajiri kumtunza mfanyakazi na familia yake wakati wa ugonjwa, ajali, mimba na uzazi, hata kama ugonjwa haukutoka kazini. Ni haki kubwa. Lakini soma maneno yake vizuri: haki hiyo inadumu wakati wote wa mkataba. Mkataba ukikwisha, inakwisha. Mzee mwenye damu inayopanda, aliyezoea kupokea vidonge vyake kila mwezi pasipo kulipa, siku moja anaanza kuvinunua sokoni. Na vidonge vile ni vya maisha yote. Bibi yake mwenye ugonjwa wa sukari naye vilevile.

Juu ya jambo hili tunakupa mashauri matatu.

La kwanza: kabla ya kutoka, pimwa mwili wote. Damu, sukari, macho, masikio, na picha ya kifua. Sisi watu wa migodi tuna sababu zetu. Vumbi la mawe lililo laini sana, lile ambalo jicho halilioni, linaingia ndani ya mapafu na kukaa humo. Linaleta ugonjwa wa silikozi. Mara nyingi silikozi inajionyesha baada ya miaka kumi au zaidi ya kupumua vumbi, na inaweza kuendelea kukua hata mtu akiisha kuacha shimo. Hakuna dawa inayolitoa vumbi lile. Tena linafungulia njia ugonjwa wa kifua kikuu. Kwa hiyo mchimbaji wa zamani anayekohoa zaidi ya majuma mawili asiseme "ni uzee". Aende kupimwa, dawa za kifua kikuu zinatolewa bure katika mpango wa leta. Masikio pia: kelele za mashine na za kipondeo zikiisha kuua masikio, hayarudi.

La pili: omba nakala ya kila karatasi ya mganga. Picha ya kifua ya siku ulipoanza kazi na ile ya siku ya kutoka, matokeo ya masikio, karatasi ya kila ajali iliyokupata, hata ile ndogo ya kidole. Kwa nini? Kwa sababu ugonjwa unaotoka kazini si sawa na ugonjwa mwingine. Sheria inampa mgonjwa wa namna hii haki ya matunzo na ya malipo. Lakini lazima ionyeshwe kwamba ugonjwa ulitoka kazini. Baada ya miaka kumi, kompani labda imebadili jina, na mganga aliyekuona amehama. Aliye na karatasi mkononi anasikilizwa. Asiye nayo anaambiwa: "Mzee, tuonyeshe ushahidi."

La tatu: ingia katika chama cha kusaidiana kwa matunzo, yaani mutueli, ungali na mshahara na ungali mzima. Tangu mwaka 2017 inchi yetu ina sheria inayopanga kazi za mutueli. Uliza maneno manne kabla ya kulipa: inalipia hospitali zipi? Inalipia dawa za kila mwezi au kulazwa tu? Inapokea mtu wa miaka 60 na zaidi? Na bibi yangu anaingia humo? Wenzako wa kikosi kimoja wanaweza kuingia pamoja. Watu wengi wakichanga kidogo kidogo, mgonjwa mmoja haangushi chama.

Mlango wa bilo

Sasa tuje kwenye pansio yenyewe. Wazee wanaijua kwa jina la INSS, iliyoanzishwa mwaka 1961. Tangu mwaka 2018 inaitwa CNSS. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliweka umri wa pansio kuwa miaka 60 kwa wanaume na wanawake sawasawa. Zamani mwanaume alingoja miaka 65.

Kwa kila franka 100 za mshahara wako unaohesabiwa, franka 5 zinakatwa kwako juu ya pansio. Mwajiri anaongeza 13: 5 juu ya pansio, 6,5 juu ya msaada wa watoto, na 1,5 juu ya ajali na magonjwa ya kazi. Feza hizo si zawadi ya mtu. Ni jasho lako, limewekwa kando.

Lakini kukatwa si kufika. Karatasi yako ya mshahara inaonyesha kilichokatwa. Haionyeshi kwamba kilifika CNSS kwa jina lako. Nenda ukaulize, tena usingoje uzee. Uliza nambari yako ya kuandikishwa. Uliza ni miezi mingapi imeandikwa chini ya nambari ile. Hesabu ya miezi ina maana kubwa, kwa sababu asiyefikia miezi inayodaiwa na sheria hapewi pansio ya kila mwezi. Ukiona miaka mitatu ya mwajiri wa zamani haimo, ni heri kuiona ukiwa na miaka 50, wakati mwajiri yule na mashahidi wangali wanaonekana. Wewe unayefanya kazi kwa kompani ndogo iliyopewa kazi na kubwa, neno hili linakuhusu mara mbili: uliza leo kama umeandikishwa.

Iko taabu nyingine inayokawiza pansio za wazee wetu: jina. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa katika inchi yetu. Mtoto aliyebatizwa kwa jina moja aliandikwa masomoni kwa jina lingine. Baada ya 1997 wengi walirudilia jina la ubatizo. Basi mtu mmoja ana majina matatu: moja katika kitabu cha paroisi, moja kwenye diploma, moja kwenye karte ya mchaguzi. Tarehe ya kuzaliwa nayo ni hivyo: pengine imeandikwa mwaka tu, pengine miaka miwili tofauti. Wewe unajua kwamba watu hao watatu ni mtu mmoja. Mwandishi wa bilo hajui, na hana ruhusa ya kukisia.

Panga makaratasi yako yote juu ya meza na usome jina na tarehe kwa kila moja, herufi kwa herufi. Kama yanagombana, nenda komini ukaulize njia ya kuyasahihisha. Kama hukuandikishwa ulipozaliwa, tribinali inaweza kutoa hukumu inayoshika fasi ya cheti cha kuzaliwa. Kazi hii inadai muda. Ukiianza ungali na mshahara, kukawia kwake hakukulazi njaa.

Siku ya kutoka, mwajiri anadaiwa kukupa cheti cha mwisho wa kazi. Kinaonyesha namna ya kazi yako, siku ulipoanza, siku ulipomaliza, na nambari yako ya CNSS. Kisome mbele yake kabla ya kutoka mlangoni. Soma vilevile hesabu ya mwisho kabla ya kutia sahihi. Usipoielewa, mwite mjumbe wa wafanyakazi aisome pamoja nawe. Mkikosa kupatana, njia ya kwanza ni inspekta wa kazi, halafu tribinali ya kazi.

Bibi na watoto

Wanaume wengi wanaficha makaratasi yao katika sanduku lenye kufuli, na ufunguo wanatembea nao. Tunasema wazi: hilo ni kosa la usalama, sawa na kufunga mlango wa kukimbilia moto. Bibi yako ajue nambari ya CNSS, ajue karatasi ya kiwanja iko wapi, ajue deni na akiba.

Mfanyakazi akifa, mjane na mayatima wanaweza kupewa pansio ya waliobaki. Lakini mjane atasaidiwaje kama ndoa haikuandikwa? Wengi walioana mbele ya jamaa, mahari ikatolewa, mbuzi ikachinjwa, watoto saba wakazaliwa, na komini haijui kitu. Ndoa ya jamaa ni ndoa kweli, lakini bilo inaamini kitabu. Mwende nyote wawili mkaiandikishe, hata kama nywele zimekuwa nyeupe. Andikisha na watoto wote, pamoja na wale waliozaliwa inje ya ndoa: mtoto ambaye baba alimkubali mbele ya sheria angali hai ana haki ya urithi kama wenzake.

Kanuni ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema watoto wa marehemu wanapata sehemu tatu kwa nne za mali. Robo inayobaki inagawanywa kati ya mjane, wazazi, na kaka na dada za marehemu. Mjane ana haki pia ya kukaa katika nyumba waliyoishi na kutumia vyombo vyake. Tunajua yanayotendeka: matanga hayajaisha, na wajomba na baba wadogo wamekwisha kuhesabu viti na sahani. Sheria haiwapi ruhusa hiyo. Lakini mjane asiye na karatasi analia tu, na mjane mwenye karatasi anaita polisi.

Utasema: "Kuandika wosia ni kuita kifo." Ndugu, je, kuvaa kaske ni kuita jiwe? Wosia unaweza kuandikwa kwa mkono wako mwenyewe, wote kutoka neno la kwanza mpaka la mwisho, pamoja na tarehe na sahihi. Unaweza pia kufanywa mbele ya notari au mbele ya mkubwa wa bilo ya uandikishaji wa watu. Hauwezi kuwanyima watoto sehemu yao ya sheria, lakini unaondoa ugomvi mwingi.

Kiwanja na kodi

Nyumba ya kambini inafuata kazi. Kazi ikikwisha, nyumba inaombwa. Kwa hiyo tafuta kiwanja mapema, lakini usinunue maneno. Karatasi ya mwuzaji na mashahidi wawili haitoshi. Kwa sheria ya udongo ya mwaka 1973, kinachohakikisha haki yako ni cheti cha kuandikishwa kinachotolewa na mkubwa wa bilo ya udongo.

Na kodi? Wazee wengi wanajenga vyumba viwili nyuma ya nyumba na kuvipangisha. Ni akili njema. Kumbuka tu kwamba feza za kupangisha zinalipiwa kodi, na kiwanja kilichojengwa nacho kina kodi yake. Zote mbili ni za provinsi. Nenda kwenye bilo ya mapato ya provinsi, uliza kiasi, na uliza kama umri wako au ujane unakupunguzia kitu. Lipa penye risiti, na risiti itunzwe. Kodi isiyolipwa miaka mitano inakuwa deni ambalo watoto watalirithi pamoja na nyumba.

Tunachoomba wakubwa na wajumbe

Mfanyakazi ana mzigo wake, lakini si haki kumwachia yeye peke yake. Mtu aliyetoboa mwamba miaka 30 hakusoma sheria. Tunaomba, kila mfanyakazi anapotimiza miaka 55, bilo ya watu imwite siku moja pamoja na bibi yake, imwonyeshe makaratasi yake yote na kumwambia kinachokosekana. Tunaomba kipimo cha mwisho cha mganga kifanywe kwa kila anayetoka, na nakala apewe mkononi pasipo kuiomba mara tatu. Wajumbe wa wafanyakazi waweke jambo hili katika mazungumzo yao na kompani pamoja na mshahara. Siku moja ya bilo na picha moja ya kifua hazifilisi kompani. Kukosa kwake kunaweza kufilisi nyumba.

Kwa kifupi, fanya hivi

1. Ukiwa na miaka 50: hesabu miezi yako CNSS, na sahihisha majina na tarehe.
2. Ukiwa na miaka 55: ndoa na watoto wawe wameandikishwa, kiwanja kiwe na cheti, na mutueli iwe imeanza kulipwa.
3. Mwaka wa mwisho: pimwa mwili wote, chukua nakala za mganga, andika wosia.
4. Siku ya kutoka: soma cheti cha mwisho wa kazi na hesabu ya mwisho kabla ya sahihi.
5. Siku zote: makaratasi katika mfuko mmoja mahali pakavu, fotokopi kwa mtoto mkubwa, na bibi anajua.

Wewe kijana uliyesoma mpaka hapa ukisema "haya ni ya wazee", angalia mikono ya anayekufundisha kazi. Naye alianza akiwa na miaka 20. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Juma hili, kabla ya zamu yako ya Jumamosi, fungua sanduku, toa makaratasi, na usome jina lako.

Usalama kwanza, kazini na nyumbani pia!